Kumlaza Mlinzi

Walimwita Wembe, na jina hilo hakulipata kwa ukali wa ulimi, maana kwa maneno alikuwa mpole mpaka wakati mwingine unatamani umtikise. Alilipata kwa mashine ya kukatia karatasi. Katika kile kiwanda kidogo cha madaftari, rundo la karatasi likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka kingo zote nne, na wachapaji wenzake walikuwa wakipitisha kidole gumba pembeni mwa rundo hilo kwa raha tu, kama mtu anayempapasa paka. Yeye mwenyewe alijifanya haoni. Alikuwa anaona, na kichwa kilikuwa kinamvimba kidogo.

Mashine ile ilikuwa na kisu kipana kinachoshuka kwa nguvu ya umeme, na kikishaanza kushuka hakina habari na mtu. Aliyeitengeneza aliwajua binadamu vizuri. Aliweka vitufe viwili, kimoja upande wa kulia na kimoja upande wa kushoto, na kisu hakiteremki mpaka vyote viwili vibonyezwe pamoja. Kwa hiyo kisu kinaposhuka, mikono yako yote miwili ina shughuli mahali pengine. Kitufe cha kushoto wafanyakazi walikiita mlinzi.

Sasa huyo mlinzi, Wembe ndiye aliyevumbua namna ya kumlaza. Tuliseme hili mapema, tusije tukamwonea huruma kupita kiasi. Alichukua kipande cha jalada gumu la daftari, akakikunja na kukunja tena, akakichomeka ubavuni mwa kitufe mpaka kikabaki kimebonyea. Mkono wa kulia ukawa unabonyeza peke yake, na wa kushoto ukawa huru kuondoa mabaki na kunyoosha karatasi. Kazi ikawa inakimbia.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, na ndiye aliyempatia kazi ile. Alisimama siku hiyo akatazama, akacheka, akampiga Wembe begani, na kesho yake akamwagiza awakunjie vipande kama hivyo na wenzake wa mashine nyingine. Kuanzia hapo, kila shule zilipokaribia kufunguliwa na oda kurundikana, msimamizi alikuwa akipita asubuhi kati ya mashine akipiga makofi: "Mlazeni mlinzi, twende kazi." Asiyemlaza alibaki nyuma, na bonasi akaisikia kwa wenzake.

Huyo shemeji alikuwa mtu wa bashasha. "Twende kazi" ndilo lilikuwa neno lake la kila mahali. Sahani zikiwekwa mezani, twende kazi. Akibeba jeneza na wenzake, kwa sauti ya chini, twende kazi. Mdogo wake, mke wa Wembe, alikuwa akimtania kwamba hata siku ya kuulizwa na malaika atajibu hivyo hivyo.

Siku yenyewe ilipofika haikuwa na kelele. Karatasi moja ilijikunja ukingoni mwa rundo, mkono wa kushoto ukaenda kuinyoosha kama ulivyozoea, na kidole gumba cha kulia nacho kikabonyeza kama kilivyozoea. Wembe hakusikia maumivu mwanzoni. Aliona tu kwamba rundo lile limekatwa vibaya, na jambo la kwanza lililomjia kichwani, Mungu amsamehe, lilikuwa aibu ya kazi mbovu. Kisha akatazama mkono. Kidole cha mwisho, cha pete na cha kati havikuwepo tena.

Alilazwa chini, akavuliwa ovaroli, mkono ukafungwa kwa fulana ya mtu, akabebwa. Kesho yake shemeji alifika nyumbani na ovaroli ndani ya mfuko wa plastiki, akampa dada yake aifue. Akakaa na mgonjwa, akawachekesha watoto, akaondoka macho mekundu. Alikuwa amelia kweli, wala hakuigiza.

Kidonda kilipoanza kufunga, alirudi na uso mwingine na karatasi kutoka kwa mwenye kiwanda. Mke alikuwa ukumbini amekaa kwenye cherehani, anashona mapazia ya mteja, na wanaume wawili wakakaa chumbani kwenye ukingo wa kitanda.

"Shemeji, tajiri amekufikiria sana," alisema msimamizi. Akaanza kumhesabia kwa vidole. "Moja, anakupa mkono wa pole, pesa ya kununua pikipiki iliyotumika ukaikodisha. Mbili, kazi ya getini, unakaa kwenye kiti, unafungua, unafunga. Tatu, kazi hiyo mpaka uzeeke. Nne..." Akaona Wembe anavitazama vile vidole vinavyoinuka kimoja kimoja. Akaishusha mikono na kuiweka katikati ya magoti.

"Na mimi natakiwa nifanye nini?" Wembe aliuliza.

"Utie saini hapa kwamba mmemalizana. Kesho jioni nakuja kuichukua."

"Kuna mtu kaniambia nimwone wakili kwanza." Mtu huyo alikuwa muuguzi aliyekuwa akimfunga kidonda, mama mkali ambaye alisema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye bandeji.

Msimamizi alisogea karibu, sauti ikashuka mpaka ikawa pumzi tu. "Nani alimvumbua mlinzi wa kulazwa? Wewe. Ukienda kusema hivyo, umejikata mwenyewe, hupati kitu. Na ukisema mengine, mimi nafukuzwa, na wale wanangu utawalisha wewe kwa huo mkono?" Akausugua uso wake kwa viganja. "Nakuomba, shemeji. Dada yangu asijue haya."

Wembe hakulala vizuri. Hata hivyo asubuhi alivaa shati safi, mkewe akamfunga vifungo, wakatoka.

Mtaani kwao wakili aliogopwa kuliko daktari wa meno. Jirani yao mmoja, fundi wa baiskeli, aliwahi kugongwa na lori. Akampata wakili aliyemtafuta mwenyewe mpaka wodini, akamwambia hulipi kitu mpaka tushinde. Wakashinda. Fidia ilipotoka, ikakatwa ada, ikakatwa gharama, ikakatwa gharama za gharama, na fundi akarudi nyumbani na pesa ya godoro. Hadithi ile kila aliyeisimulia aliitia chumvi, lakini godoro lilikuwepo na kila mtu alikuwa ameliona.

Ofisi waliyoelekezwa ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi zilinuka rangi na saruji. Wembe alipanda akirudia maneno yake kimoyomoyo: kitufe kilikuwa kibovu, kilikuwa kinakwama chenyewe. Kibovu hakina mtu wa kulaumiwa zaidi ya tajiri, na tajiri hana undugu na mtu. Alipofika juu, shati safi lilikuwa limemganda mgongoni.

Wakili alikuwa mwanamke wa umri wa kuwa mdogo wake, miwani imepandishwa kichwani, mezani mafaili yamepangwa na feni ndogo inazigeuza kurasa. Aliwakaribisha viti, akaomba kuuona mkono, akautazama kwa utulivu bila kusema pole za haraka haraka. Kisha akavuta faili jembamba. Mke alikuwa amempelekea nakala za hospitali siku mbili nyuma, na wakili mwenyewe alikuwa ameomba nyingine kutoka ofisi ya ukaguzi wa viwanda.

"Haya baba, nieleze ilivyokuwa."

Wembe alianza na maneno aliyoyakariri ngazini. "Kitufe cha kushoto kilikuwa kibovu. Kilikuwa kinakwama chenyewe."

Wakili alikuwa ameshika kalamu. Hakuandika. Alimtazama kidogo, akailaza kalamu juu ya faili.

"Tutarudi hapo," alisema. "Kwanza tuzungumze pesa, maana watu huona haya kuuliza, halafu wakitoka hapo nje wananisema. Kuna vitu viwili, baba, na watu huvichanganya. Kuna ada na kuna gharama. Ada ni jasho langu mimi. Gharama ni pesa inayotoka kwangu kwenda kwa watu wengine: daktari wa kuandika ripoti ya ulemavu wako, ya kufungulia kesi, ya kupeleka wito, nauli za mashahidi. Mmenielewa mpaka hapo?"

Walielewa. Mke alikuwa amesogea mbele ya kiti, mkoba wake magotini, anasikiliza kwa macho yaliyokazwa kama anatunga uzi kwenye sindano.

"Ada yangu silipwi leo. Nalipwa tukipata, robo ya tutakachopata. Wakikubali kulipa kabla kesi haijasikilizwa, inakuwa ndogo zaidi, moja ya tano. Gharama natanguliza mimi, na kila nikitoa nakupa risiti. Zinarudi kwangu mwishoni."

"Hiyo robo," mke aliuliza, "unaikata kabla ya kutoa gharama au baada?"

Wembe alimgusa kwa kiwiko. Alimwona mkewe anaharibu mambo. Mke hakumgeukia.

"Baada," alisema wakili. "Tunatoa gharama kwanza, kinachobaki ndicho tunachogawana. Nitaliandika kwenye mkataba, na mtausoma nyumbani kabla ya kutia saini. Pesa yenyewe ikija inapita kwangu, kwa hiyo nitawapa na hesabu yake kwa maandishi. Nisipowapa, nidaini."

Wembe alianza kupumua. Mambo yalikuwa yanakwenda. Alikwishaanza hata kuiona pesa, na kumwona shemeji yake bado ni shemeji yake, na yeye mwenyewe hajasema lolote baya juu ya mtu yeyote.

"Na tukishindwa?" mke aliuliza.

"Tukishindwa, ada yangu sidai. Gharama nilizotanguliza nazo nitazimeza. Lakini kuna moja ambayo siwezi kuwakinga nayo." Wakili alishusha miwani kutoka kichwani akaivaa. "Wale wa upande wa pili nao watakuwa na wakili, na yule analipwa. Mahakama inaweza kumwamuru baba hapa awarudishie gharama zao. Akishindwa kulipa, wanakuja nyumbani kutafuta cha kuuza."

"Cherehani ni ya nani kwenye risiti?" mke alimuuliza mumewe.

"Yangu," alisema Wembe. Aliinunua kwa bonasi za kasi, msimu ule wa kwanza wa kumlaza mlinzi, na alipoileta nyumbani mkewe aliizunguka mara nyingi akiigusa kabla ya kuthubutu kukaa. Kwa sasa ndiyo iliyokuwa inawalisha wote.

Feni iligeuza ukurasa. Wakili akauzuia kwa kidole.

"Ndiyo maana nataka kuisikia tena ile habari ya kitufe," alisema. "Hii ni ripoti ya mkaguzi. Alifika kiwandani jioni ile ile ya ajali. Alivijaribu vitufe vyote viwili, akavikuta vizima, hakuna kinachokwama. Tukienda na kitufe kibovu, baba, tunashindwa siku ya kwanza. Wewe utakuwa mwongo, na mimi nitakuwa wakili wa mwongo. Unachosema humu ndani hakitoki bila ruhusa yako. Kwa hiyo anza upya."

Mkono uliokatwa ulianza kumpwita Wembe, na vile vidole visivyokuwepo vikamuuma kuliko vilivyobaki. Alifikiria kuinuka. Mlango ulikuwa hatua chache nyuma yake, karatasi ya tajiri iko nyumbani chini ya godoro, kiti cha getini kinamsubiri. Angeweza kukaa kwenye kiti kile mpaka azeeke, kila asubuhi akimfungulia shemeji yake geti.

"Nilikilaza," alisema, akiitazama meza. "Kitufe. Nilikichomeka karatasi ngumu kibaki kimebonyea. Ni mimi niliyeanzisha, siku nyingi zilizopita. Kazi inakwenda haraka."

Hakuthubutu kumtazama mkewe. Wiki zote hizi alikuwa amemwachia aamini kwamba ni mashine.

Wakili sasa aliandika. "Kilikuwepo kwenye kitufe wakati unakatwa?"

"Kilikuwepo. Nilikiona kwa macho yangu wananibeba."

"Mkaguzi hakukikuta. Nani alikitoa?"

"Sijui."

Hapo mke akafungua mkoba. Alikuwa ni mtu wa kutotupa kitu. Kila kadi, kila kipande cha boksi kilichoingia nyumbani mwake alikizungushia nyuzi zilizobaki, na mkoba wake ulikuwa umejaa vipande hivyo. Alitafuta humo ndani, akatoa kimoja kilichozungushiwa uzi wa buluu, akaanza kuuzungusha kinyume, polepole, uzi ukilundikana mapajani mwake. Chini ya uzi likatokea jalada gumu la daftari, limekunjwa na kukunjwa tena, na pembeni lina doa la kahawia lililokataa kutoka.

"Ni hiki?" aliuliza.

Wembe alikijua hata kabla hakijamalizika kufunuliwa. Mikunjo ile ilikuwa ya mkono wake. Aliitikia kwa kichwa.

"Kilikuwa mfukoni mwa ovaroli," alisema mke, sasa akimwambia wakili. "Mfuko wa kifuani. Nilipokuwa nafua nikamuuliza aliyeileta, hiki ni nini? Akaniambia takataka, tupa." Alikiweka kipande mezani. "Nikaona karatasi nzuri, ngumu."

"Mimi ovaroli nilivuliwa pale pale chini," Wembe alisema kwa sauti ndogo. "Kilipotiwa humo nilikuwa nimeshabebwa."

Wote watatu walikitazama kile kipande pale mezani. Wakili hakukigusa. Wembe aliwaza juu ya mkono ule uliokichomoa kwenye kitufe, damu ikiwa bado mbichi, na badala ya kukitia kwenye pipa la mabaki lililokuwa pale pale, ukakitia mfukoni mwake yeye. Kikipatikana, kipatikane kwake. Hilo lilimuuma kuliko kisu. Alikuwa amekesha akiwaza namna ya kumficha mtu ambaye, kabla yeye hajafikishwa hata kwenye gari, alikuwa amekwisha kumtoa kafara.

"Nitawaambia ukweli nilipofikia," alisema wakili. "Kama baba alifanya hivi kwa akili yake mwenyewe na wakubwa hawajui, hii kesi siichukui, na ningewashauri mkaichukue ile karatasi ya tajiri. Kama alikuwa anaagizwa, na wenzake wanaagizwa, hiyo ni kesi. Mahakama inaweza kusema na yeye ana sehemu yake ya kosa, ikapunguza fidia. Ikipunguza yenu, imepunguza na yangu, na nitaichukua hivyo hivyo. Lakini siwezi kwenda mahakamani na 'wakubwa'. Nataka mtu. Nani alikuwa anawaagiza?"

Wembe alifungua kinywa, kikagoma. Alimwona shemeji yake amekaa ukingoni mwa kitanda, anausugua uso. Aliwaona wale watoto wa shemeji, wanaomkimbilia na kumpanda mabegani. Aliuona na uso wa mkewe siku ya harusi, kaka yake amemshika mkono anamleta.

"Sema basi," mke alisema.

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Mke alimgeukia kabisa, kiti kikalia sakafuni. Alikuwa amekunja uso wa mtu anayeanza kuogopa jibu kabla hajalisikia.

"Jina liache. Niambie alikuwa anasemaje. Huyo aliyekuwa anawaagiza, akija asubuhi, anasema maneno gani?"

Wembe alifumba macho. "Anapiga makofi. Anasema, mlazeni mlinzi." Akasita. "Mlazeni mlinzi, twende kazi."

Chini dukani mtu alikuwa anamwaga misumari kwenye mizani. Mke aliuchukua ule uzi wa buluu mapajani, akauzungusha kwenye vidole vyake vya mkono wa kushoto, kimoja baada ya kingine, mpaka ukaisha. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Kisha akauvua uzi, akaurudisha mkobani, akamgeukia wakili na kumtajia jina la kaka yake, lote, la kwake na la baba yao na la babu yao. Wakili alishika kalamu lakini akasita, akamtazama juu ya miwani.

"Mama, huyu ni ndugu yako?"

"Tumenyonya ziwa moja."

"Una hakika niandike?"

"Andika," alisema. "Kaka yangu vidole vyake kumi anavyo."